Maji ya Kuoshea Kioo

Ndugu zangu, zamani picha zilipokuwa zikipigwa juu ya kioo, mpiga picha mmoja alifunga safari hadi Bara Hindi kupiga picha hekalu la Wahindu. Lilikuwa la mawe, limechongwa toka msingi hadi kileleni: tembo, wacheza ngoma, na mlangoni mungu wa kike wa mto, kashika mtungi. Mwaka huo mvua iligoma, visima vikakauka. Yeye alikuwa na pipa lake la maji na alilitunza kama mboni ya jicho, maana kioo kilichopakwa dawa ya picha kisipooshwa kingali kibichi, picha imekufa.

Mwanamke mmoja akaja akijikongoja, midomo imepasuka, akaomba maji.

"Ngoja kwanza, mama," mpiga picha akamwambia. "Haya ni ya kazi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikusudia kumpa akimaliza. Akaifungua kamera, na kamera za siku zile zilikuwa na macho mazito, sharti ziachwe wazi kitambo kirefu. Mchukuzi wake akamnong'oneza kwamba yule mama anapitapita mbele ya mlango, ataharibu picha.

"Mwache," akajibu. "Anayetembea haonekani. Kioo hiki hushika kilichotulia tu."

Na kweli. Alipokiosha, hekalu lilitoka zima, mwanamke hayumo hata kivuli. Akafurahi, akapiga ya pili. Akaiosha nayo, maji yakimwagika mchangani. Safari hii, chini ya ule mtungi wa jiwe, akaonekana mtu amelala, kila mkunjo wa sari yake uko wazi.

"Huyu katulia vizuri," akasema. Ndipo akachota maji yaliyobaki, akampelekea. Alipofika, mchukuzi alikuwa amekwisha kumfunika uso.

Mnamlaumu? Taratibu, ndugu zangu. Kioo kile tunacho sisi. Jirani anapitapita mlangoni petu akitafuta wa kumpeleka hospitali, nasi tunamwambia angoje, tuna shughuli. Hatumwoni. Siku akilala akatulia, hapo macho yanatufunguka: tunaleta turubai, tunabeba masufuria, tunasimama mmoja mmoja kueleza jinsi alivyokuwa mtu wa watu. Na maji tunayo tele siku hiyo. Ya kumwoshea maiti.

Nani anapitapita mbele yako wiki hii? Unamjua. Ukitoka hapa usipitie kwako kwanza. Mfuate angali anatembea.