Pilipili za Nakunda na Pole za Majirani

Mikono iendelee na kazi, masikio yaje kwangu. Yamekuja?

Semeni, "Yamekuja!"

Basi nami nimefika.

Zamani, zamani hasa, milima ikiwa bado haijapewa majina, watu wa juu walilima pilipili wakazishusha nyikani kubadilishana na mahindi. Pilipili zikikubali, watoto walikula. Zikikataa, walilala njaa. Njia ya tatu haikuwapo, wanangu.

Na walikuwa na desturi. Shamba la mtu likiugua, majirani walikwenda alfajiri kutoa pole. Waliingia na umande, wakagusa mche kwa mche: "Pole, pona. Pole, pona." Kisha kila mmoja akaenda shambani kwake. Desturi nzuri. Hata mimi ningeipenda.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, pilipili za mama mmoja, Nakunda, zikaota madoa. Yalianza madogo, kama majani yamerushiwa maji machafu, yakawa ya kahawia, yakazungukwa na umanjano. Majani yakadondoka. Majirani wakaja. Pole, pona. Wakaja tena. Pole, pona. Madoa yakazidi. Wewe, acha kumfinya mwenzio!

Nakunda alikuwa na watoto watano, hakuwa na muda wa kulia. Akachuchumaa, akatazama. Miche ya kando ya njia, wanapopita watu, imekwisha. Ya katikati, isiyofikiwa na mkono, mizima.

Kesho yake akasimama mpakani na jembe.

"Leo msiingie. Pole nipeni kutoka hapo."

Wifi yake, Nambike, dada wa mumewe, akacheka kwa hasira. "Tangu lini pole ikatupwa kama jiwe? Umeficha nini humo, wifi?"

"Madoa. Nanyi mnayabeba mikononi."

"Mikono hii ndiyo iliyompokea mwanao wa kwanza!"

"Naikumbuka. Isiingie."

Wakaondoka wakimwita mchoyo, wakamwita mchawi. Kisimani hakuna aliyemsalimu. Mnadhani haikumuuma? Ilimuuma. Akasubiri umande ukauke, akachuma majani yenye madoa, akayachoma, akanawa kwa majivu. Akatandaza nyasi kavu chini ya miche, mvua isirushe matope majanini. Nusu ya shamba ikafa. Nusu ikazaa.

Kisha likaugua shamba la Nambike. Desturi ikamtaka Nakunda aingie. Akaenda, akasimama mpakani.

"Ingia basi unionyeshe!" Nambike akalia.

"Siingii. Nimetoka kwa wagonjwa wangu. Chuma jani hilo lililo mbele ya goti lako. Si hilo! La chini yake!"

"Hili?"

"Hilo. Na jirani yake. Usilitupe, litie kapuni likachomwe."

Jani kwa jani, mche kwa mche, mpaka jua likaegemea, mpaka sauti ikamkauka Nakunda ikabaki pumzi. Akaanza kuonyesha kwa kidole. Nambike akainua macho, akamwona palepale juani, mdomo unafunguka hautoi kitu. Akainama, akachuma lililofuata.

Sijui kama alimwomba radhi. Watu wazima ni wagumu kwa hilo. Ila mwaka ule nyumba zote mbili zilishusha pilipili nyikani, na watoto wa nyumba zote mbili walikula.

Wanangu, wema usiotazama unakokanyaga huua sawa na ubaya. Ukimwendea mwenye shida, angalia kwanza umebeba nini mikononi.

Nilichopewa nimekitoa, sasa ni chenu. Atakayekipotosha asiseme alikipata kwangu.