Kokwa ya Bwana Stavro

Sogeeni. Mwenye karanga mdomoni atafune amalize kwanza, maana hadithi yangu ina mtu aliyekabwa, na sitaki kuiona mbele yangu wakati naisimulia.

Pangani palikuwa na nyumba ya wageni ya Bi Somoe, na humo walifanya kazi watu watatu wenye vipawa. Mzee Shekue, mlinzi, alijaliwa macho: sisimizi akipita ukutani na punje ya mchele, yeye atakwambia kama ni mchele mpya au wa mwaka jana. Mhando, mchota maji, alijaliwa nguvu: ng'ombe alitumbukia mtaroni, akamtoa kama anayemtoa paka jikoni. Akili pia alijaliwa, ila ya kumtosha mwenyewe. Na Bi Mwanakombo, mchuaji, alijaliwa mkono. Kitoto kikikabwa, mtaa mzima unamkimbilia yeye: anakilaza kifudifudi, kofi moja mgongoni, kinalia, mama naye analia, basi yamekwisha.

Wakaja wageni sita kutoka nchi ya mizeituni. Sasa, sisi zeituni tunaijua kwa kuisoma msahafuni, na mafuta yake tunayajua kwa kuchulia viungo. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuyamimina kwenye mkate akiwa na akili zake. Hawa walikuja na madebe yao wenyewe. Asubuhi zeituni, mchana zeituni, usiku zeituni juu ya samaki wa watu.

Mkubwa wao alikuwa baba mnene, Bwana Stavro, aliyezaliwa kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa chake.

Bi Somoe akamuuliza, "Na kwenu mnakula hivi hivi?"

"Kwetu tunakula nusu ya hivi. Ukiwa safarini, Bi Somoe, unamkumbuka mama yako kwa tumbo."

"Basi mama yako alikuwa mkubwa sana."

Huyo bwana alicheka karibu avunje kiti.

Mzee Shekue hakuchukia ulafi ule hata kidogo. Komwe zake za bao zilikuwa zimekwenda na maji ya masika, na kokwa ya zeituni, ukiiosha na kuianika, ni kete safi kabisa. Kila wageni wakila, yeye yuko mlangoni. Wakimaliza, anapita na sahani kuokota. Bao lataka kete sitini na nne. Siku ninayoisema ilikuwa imebaki moja tu.

Bi Mwanakombo ndiye aliyechukia. Alikuwa amesahau mezani chupa yake ya mafuta ya kuchulia, na Bwana Stavro, ya kwao yalipokwisha, akaimimina yote kwenye mkate, akafuta na sahani. Hakumuuliza mtu. Bi Mwanakombo akaja akasimama mlangoni, kanga ameifunga kibwebwe.

"Usimtukane mgeni anakula," Bi Somoe akamnong'oneza.

"Simtukani. Nasubiri ameze."

Bwana Stavro akatupia zeituni mdomoni. Mwenzake akasema neno la mzaha kwa lugha yao. Bwana Stavro akacheka, halafu kicheko kikakatika. Wenziwe waliendelea kucheka, wakidhani naye bado anacheka. Lakini Mzee Shekue, ambaye jicho lake halikuondoka kwenye mdomo ule, aliona kilichokosekana.

"Haijatoka!" akapiga ukelele. "Kokwa haijatoka! Mtu anakabwa!"

Hapo ndipo wakamtazama. Uso umeshakuwa zambarau.

Kumfikia sasa ndiyo kazi. Alikuwa amebanwa pembeni, nyuma yake ukuta, mbele yake meza ya mninga ambayo wanaume sita waliiingiza wakiapa hawarudi tena. Bi Somoe akaita, "Mhando! Inua!" Mhando akaingia na ndoo, akaiweka chini, akainua meza na vyote vilivyokuwa juu yake. Samaki wakaserereka, sahani zikapasuka, njia ikapatikana.

Bi Mwanakombo akapenya. Akamkunja yule bwana kama godoro, akampiga kofi la mgongo. Kimya. Akampiga la pili, hilo hata jirani alilisikia. Kokwa ikaruka, ikagonga ukuta, ikaviringika uvunguni. Bwana Stavro akavuta pumzi kwa mlio wa bawaba yenye kutu, na hakuna muziki mtamu kama ule.

Bi Somoe aliketi sakafuni, juu ya mchuzi, akacheka mpaka machozi. Mgeni akifa nyumbani mwako, nani atalala tena humo? "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Mhando mwanangu, shusha meza sasa."

Maana alikuwa bado ameishikilia.

Walipokwisha kunywa maji, Bwana Stavro akasema, "Mlangoni kwa baba yangu pana mzeituni. Babu aliacha amri: atakayeokoa roho ya mtu wa ukoo wetu, mti huo ni wake. Jina lake litachongwa kwenye shina, na mafuta yake yatamfuata kila mwaka mpaka afe. Jina moja tu. Babu alisema mti wa watu wawili hufa kwa kiu, kila mmoja akidhani mwenzake ameumwagilia."

"Chonga Shekue," akasema Mzee Shekue. "Nisingeona, mngemwona maiti."

"Ulikuwa unamwangalia mtu au kete?" akamrukia Bi Mwanakombo. "Na ujira wako si huo mfukoni?"

Kweli, ile kokwa alikuwa ameshaiokota.

"Mie nimeinua," akasema Mhando.

"Ulijua unainulia nini?" akamuuliza Bi Mwanakombo.

"Nilidhani kuna nyoka."

Mzee Shekue akamgeukia Bi Mwanakombo. "Na wewe, shangazi, kofi lile la pili lilikuwa la kokwa, au la mafuta?"

Bi Mwanakombo akakifungua kibwebwe chake, akakifunga upya. Halafu akasema, "La kwanza lilikuwa la kokwa."

Bwana Stavro akajipapasa mgongo. "Na la pili ndilo lililoitoa," akasema.

Haya basi. Mmoja aliona kwa tamaa yake, mmoja aliinua asijue kwa nini, mmoja alipiga kwa hasira, na mtu yuko hai, anakula. Ungemtoa mmoja wao, leo ningekuwa nasimulia matanga. Na msinijibu "wote", hilo ni jibu la mvivu, na babu wa watu keshalikataa. Kisu kimenolewa, shina lina nafasi ya jina moja. Wewe uliyemaliza karanga zako, hebu sema: ungechonga jina la nani?