Kiduha Kilichopandishwa Mlimani

Kulikuwa na mkulima mmoja wa mpunga wa mlimani, huu usiojua jaruba wala mfereji, unaongoja mvua ya Mungu tu. Shamba lake lilikuwa mteremkoni. Juu yake, mpakani kabisa, alilima shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake.

Mwaka huo mpunga ulidumaa, ukawa wa njano, na katikati yake kiduha kimesimama kijani. Mnalijua gugu hilo. Linaanza kunyonya mizizi ya mpunga kabla hata halijatokeza juu ya ardhi.

Mjane aliliona, akateremka. "Shemeji, ling'oe sasa ulichome, kabla halijachanua. Likikomaa, mbegu zake ni kama vumbi. Nije nikusaidie?"

"Mpunga wangu ulikuwa mzima mpaka kaka alipokufa ukabaki wewe hapo juu," akajibiwa. "Rudi kwako."

Akarudi. Kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilishajua kwamba mjane ni mchawi. Nani alieneza? Msiniulize mimi.

Wiki kadhaa zikapita. Kiduha kikachanua maua mekundu, mazuri hata, kikaanza kukauka. Hapo ndipo bwana alipopata nguvu ya kupalilia! Aling'oa siku nzima, na kila mzigo akaupandisha mlimani, akautupa shambani kwa shemeji yake.

"Ale alichopika," akamwambia mkewe. Moyo wake ukatulia. Kwa nini usitulie? Shamba lake lilikuwa safi.

Msimu uliofuata mjane alipanda kunde, na kiduha hakiziwezi kunde. Mvua zikanyesha. Sasa niambieni, ninyi mnaolima: maji ya mlimani huelekea wapi?

Bwana hakuvuna hata debe. Watoto wake wakawa wanashindia uji wa chumvi. Siku moja shemeji akateremka na ungo wa kunde, akauweka mlangoni. Bwana akazipokea, akala. Mpaka leo hajafungua kinywa kumwambia, "Nilikusingizia."

Mnamcheka? Sisi je? Kila mmoja wetu amemtwika mtu uchafu wake, kisha akanawa mikono akaja kusali. Wengine tunakula mkononi mwa mtu huyohuyo. Inaniuma kusema, maana na mimi ninaye. Wako amekaa humu humu leo, unamjua, na tangu uingie umekwepa macho yake.

Sitasema amina bado. Inuka umwendee. Nasubiri.