Mawe Yaliyo Chini ya Migomba

Haya ni pambo la mtu, lakini ikizidi kipimo hugeuka ugonjwa. Ambakisye aliugua ugonjwa huo tangu ujana wake. Angeweza kushinda na mwiba mguuni kutwa nzima kwa kuona haya kumwomba jirani pini. Mkewe, Tupokigwe, alilijua jambo hilo tangu enzi za uchumba, akalivumilia kama mtu anavyovumilia kukoroma kwa mwenzake, hadi siku lilipoigusa nyumba.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Shamba la chai walilolifanyia kazi wote wawili lilipata mmiliki mpya, na wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo na kuambiwa wahame nyumba za kambi. Tupokigwe alikuwa amewalea watoto wake katika chumba kimoja cha kambi, akisikia ugomvi wa majirani kupitia ukutani kana kwamba ni wake. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mlango wake mwenyewe, usiogongwa na mnyapara.

"Hela hii ni ya nyumba," alimwambia mumewe. "Si ya ng'ombe, si ya pombe, wala si ya ndugu zako."

Wakapata habari kwamba Mzee Nsajigwa wa Lupepo anauza nyumba ya bati pamoja na migomba yake, tena kwa bei nafuu. Mzee huyo alikuwa mdogo wa marehemu baba yake Ambakisye, kwa hiyo kwa Tupokigwe alihesabiwa kuwa baba mkwe. Na mila ya Kinyakyusa haina mzaha katika hilo: mwanamke hasemi na baba mkwe wake. Humkwepa njiani, hujifunika kitenge, hata jina lake halitaji. Basi siku ya kuiona nyumba Tupokigwe alifuata nyuma kwa mbali, maneno yamemjaa kifuani.

Kati ya migomba aliona vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Karibu navyo palikuwa na shimo jipya lililotolewa mawe meusi, mepesi, yenye vitundu, ambayo siku hizo malori yalikuwa yameanza kuyafuata kwa ajili ya matofali ya mjini.

"Baba Anosisye," alimnong'oneza mumewe, "muulize vigingi hivi ni vya nani."

"Vya kufungia mbuzi."

"Mbuzi gani hao wanaofungwa kwa rangi nyekundu?"

"Mama Anosisye, yule ni baba yangu. Nikimuuliza ataona namfanya mwizi."

Mbele ya mwenyekiti wa kijiji na majirani mipaka ilionyeshwa, na mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Ambakisye akatabasamu. "Kwa baba kuna swali?" alisema, na watu wakamsifu kwa adabu. Tupokigwe, aliyesimama nyuma ya ukuta kama mila ilivyomtaka, aliuma pindo la kitenge chake.

Wakalipa, wakahamia, na hata chokaa haijakauka ukutani, lori likaingia uani. Aliteremka kijana wa Mbeya aitwaye Wilson, mpole wa maneno, ana leseni ya kuchimba mawe mkononi.

"Mama, nyumba ni yako na migomba ni yako, sibishi," alisema. "Lakini yaliyo chini ni ya serikali, na serikali imenipa mimi ruhusa ya kuyachimba. Yule mzee tulishaelewana."

Tupokigwe alipanda hadi Tukuyu. Afisa wa ardhi akamwambia kuwa wao hushughulika na ardhi ya juu, ya chini akaulizie Mbeya. Huko Mbeya akaambiwa leseni ni halali, ila habari za fidia ni kati ya mchimbaji na mwenye ardhi, arudi Tukuyu. Wa juu wakamtupa chini, wa chini wakamrusha juu, naye akawa mpira wa chandimu. Aliporudi nyumbani alikuta ukuta wa jiko umepata ufa kwa mitikisiko ya uchimbaji.

"Leo twende kwa baba yako," alisema. "Utauliza."

Wakaenda. Tupokigwe alijibanza nyuma ya nyumba ya mzee akatega sikio. Ambakisye aliuliza habari za mvua. Akauliza habari za ng'ombe. Akauliza kama mihogo mwaka huu inaonekana. Alipoanza kuuliza habari za ng'ombe kwa mara nyingine, mkewe alishindwa. Alijifunika kitenge uso mzima, akatokeza.

"Baba, nisamehe, nimeivunja mila. Nyumba yetu inachimbwa! Fidia amepewa nani?"

Mzee Nsajigwa akajibu bila kuficha kitu.

"Nilipewa mimi, mwanangu, mwaka jana, ya nyumba pamoja na migomba. Ndiyo maana niliwauzia rahisi. Nilidhani mnataka kuvuna ndizi kidogo kabla machimbo hayajafika. Mwenyekiti aliuliza, mumeo akasema hakuna swali. Na mimi niliona haya kuanza kuwafundisha watu wazima."

"Hukuwa na kiwanja kingine?"

"Nilikuwa nacho, kule juu kwenye udongo mtupu usio na mawe, na nyumba yake, bei ileile. Nilishangaa mlivyokipita. Erasto, yule mwenzenu wa kambini, alikuja juzi, akauliza maswali mpaka nikachoka. Nimempa yeye."

Walirudi nyumbani. Uani kwao wachimbaji walikuwa wameshaangusha mgomba wa kwanza, na sasa ufa ulifika dirishani. Ambakisye alikohoa.

"Labda Erasto atatupangisha chumba," alisema.

"Vizuri. Nenda ukamwombe."

Ambakisye alitazama viatu vyake. "Sasa nitaanzaje, Mama Anosisye?"

 Tupokigwe alikaza kitenge kiunoni, akaipanda njia ya kwa Erasto peke yake, kwenda kuomba kupanga chumba katika nyumba ambayo ingekuwa yake. Hakika, mficha uchi hazai.