Akiba Hukaa Penye Moshi

"Akiba hukaa penye moshi." Leo mmemsikia bibi yenu Nakundwa akimwambia hivyo fundi aliyetaka kubomoa dari la jikoni. Mmecheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilizaliwa humu humu nyumbani, na aliyeisababisha ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa nikisoma darasa la jioni la watu wazima. Mwalimu Mrutu alitufundisha neno uchumi. Alisema linatokana na kuchuma, yaani kukusanya mali. Akaongeza kwamba Wagiriki wa kale, kwa neno lao, walimaanisha utunzaji wa nyumba. La kuchuma nililishika. La nyumba niliona ni jambo dogo, hata daftarini sikuliandika.

Wakati huo mahindi yetu, kama ya majirani wote hapa milimani Upare, yalikaa darini juu ya meko, yakipigwa moshi mpaka maganda yakawa meusi. Mimi nikaona aibu. Msomi gani anakula mahindi yenye masizi? Baada ya mavuno nikajenga ghala la matofali nyuma ya nyumba, nikaezeka bati, nikatia kufuli kubwa, na ufunguo nikauvaa shingoni.

"Baba Elieza," bibi yenu akaniuliza nilipokuwa nikihamisha mahindi, "huko yatalala na nani?"

"Mahindi hayaogopi giza, mama. Huu ndio uchumi."

"Haya, mchumi wangu. Ila ya mbegu usiyaguse."

Kwetu mbegu hushushwa na mwanamke mwenye meko, tena siku ya kupanda. Mwanamume akiishusha, ameitukana nyumba. Nilicheka, nikamwachia mafungu yake matatu.

Kwa miezi mitatu tulikula ndizi na mabaki ya mwaka uliotangulia. Ghala sikulifungua, nilitaka wageni walikute limejaa. Mvua za vuli zilipokaribia ndipo nikafungua kufuli. Vumbi kama unga likanimwagikia miguuni. Fukusi walikuwa wametoboa kila punje. Nilichota huku, nikachota kule, yote yale yale. Nilikuwa na watoto watano.

Nikaenda jikoni. "Mama Elieza, tumekwisha."

"Tumekwisha akina nani? Wewe na kufuli lako?"

Aliponitazama usoni, kicheko kikamwishia. Akapanda ngazi, akashusha yale mafungu matatu. Kwa nje yalikuwa meusi tii. Akamenya hindi moja, akaniwekea kiganjani. Punje zilikuwa nyeupe, nzima, hazina hata tundu moja.

"Umeyatia dawa gani?" nikamuuliza.

"Dawa gani? Nimepika uji. Nimechemsha maharage. Kila nikichochea moto natazama juu; nikiona hindi limelegea ganda, nalitoa. Akiba hukaa penye moshi, baba Elieza, maana penye moshi pana mtu."

Mbegu zile tulizipanda zote, zikaota zote. Mpaka tulipovuna, bibi yenu alitulisha ndizi na maharage, akiyapima kwa kikombe kila asubuhi, na hakuna mtoto wangu aliyelala njaa. Majirani waliokuja kuniona na ghala langu wakarudi kwao na maneno ya mke wangu, nayo yakaenea mlimani.

Mimi nilirudi darasani, nikamwomba Mwalimu Mrutu arudie habari ya Wagiriki. Safari hii niliiandika.

Sioni haya tena kuwasimulia, wajukuu zangu. Mama na baba zenu walikua kwa mahindi yaliyotokana na mafungu yale matatu ya kwenye masizi. Mpaka leo nikiingia jikoni, moshi ukanitoa machozi, simwambii bibi yenu apunguze kuni. Namwambia asante. Akiba hukaa penye moshi.