Kibao cha Mzee Sanga

Kazi haisomwi kibaoni, husomwa mikononi.

Aliyenitupia huo msemo ni Bibi Edina, Jumapili moja mchana, mimi na Ombeni tumekaa kwenye ngazi ya jiko lake tunagombania simu. Simu ya Ombeni, macho ya wote. Kulikuwa na tangazo: hoteli mpya karibu na stendi, wanatakiwa vijana kumi, kidato cha nne, utafundishwa humo humo, mwisho wa maombi kesho saa kumi jioni. Na sisi tumemaliza kidato cha nne tangu mwaka juzi, tumekaa mpaka hata mbwa wa jirani wameacha kutubwekea.

"Tunatuma au hatutumi?" Ombeni ananiuliza mara ya saba.

"Tuma bwana, unangoja nini?"

"Mbona kila mwezi wanatangaza?"

"Si kwa sababu ni hoteli kubwa!"

Bibi alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, kimya, nikajua hasikii. Kumbe anasikia yote.

"Nyie," akasema. "Aliyekuwepo kabla yenu yuko wapi?"

"Nani, Bibi?"

"Huyo aliyeiacha hiyo nafasi. Au nafasi imeota yenyewe kama uyoga?"

Sasa nani anajua? Bibi akatikisa kichwa, akasema hayo maneno ya kibaoni na mikononi. Ombeni akadakia kwamba huo msemo mbona kwenye orodha ya methali za shule haumo. Bibi akacheka. "Shuleni mtaukuta wapi? Umezaliwa nyumbani kwetu, mlango wa mbele, mimi nikiwepo." Akausogeza ungo pembeni, tukajua leo maharage yatachelewa.

Basi ilikuwa hivi.

Bibi wakati huo ana miaka kumi na sita, wanakaa hapa hapa Makambako, na kazi ya mji ni mbao. Ukiamka unasikia msumeno, ukilala unausikia bado masikioni. Baba yao alikuwa mpasuaji kwenye kiwanda kimoja cha mbao, mpaka siku msumeno ulipomchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vikabaki gumba na kidole cha mwisho. Tangu hapo hawezi kufunga vifungo vya shati. Kila asubuhi anayemfunga ni mwanawe mkubwa, Lwidiko, kijana wa miaka ishirini. Baba anasimama anatazama ukutani, Lwidiko anafunga, kimoja kimoja. Mama yao akaapa: mtoto wangu hasogelei msumeno nikiwa hai.

Sasa mtaa wa nyuma ya soko alikuwepo fundi mmoja, Mzee Sanga, kazi yake kunoa misumeno ya mji mzima. Juu ya mlango wake kuna kibao cha bati: ANATAKIWA MSAIDIZI. Si karatasi, si chaki, hapana. Rangi ya mafuta, nyeupe juu ya nyeusi, na misumari imeshaota kutu. Kibao kiko pale miaka minne. Msaidizi anaingia, baada ya miezi kadhaa haonekani tena, kibao kiko pale pale. Watu wakasema wanavyosema watu. Mzee Sanga anakula vidole. Watoto wakipita pale wanaficha mikono kwenye makwapa wanakimbia.

Na Lwidiko akaitaka kazi hiyo hiyo. Hebu fikiria.

Alikuwa ameshatafuta kila mahali. Kilichobaki ni mjomba wao, anayechukua vijana kwa lori kuwapeleka mashamba ya chai, na lori linaondoka Jumatatu. Ukipanda, unarudi Krismasi, kama unarudi. Lwidiko hakutaka kwenda. Anasema tu, akienda, baba atafungwa shati na nani? Ijumaa jioni akaleta habari ya kibao mezani.

Baba akaweka kijiko chini. "Kijana, mtu akiandika nafasi kwa rangi ya mafuta, mwenyewe anajua hakuna atakayekaa. Angetegemea mtu akae, angeandika kwa chaki, akafuta."

"Lakini baba, nani amewahi kuwaona hao waliokatwa?"

"Wewe unataka uwe wa kwanza kuonekana?"

Lwidiko akajitetea kwamba kibao kinasema msaidizi wa kunoa tu, hakisemi kupasua. Ndipo mama akaingilia. Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

"Kibao chenu mimi sijui kukisoma," akasema. "Kwangu ni madoa meupe kwenye bati. Lakini mikono najua kuisoma, nimeisoma ya baba yako miaka sita. Niletee mtu mmoja, mmoja tu, aliyetoka pale kwa Sanga. Niione mikono yake. Ikiwa mizima, nenda. Isipokuwa mizima, au usipompata, Jumatatu unapanda lori la mjomba wako na sitaki kusikia neno."

Siku zenyewe mbili! Usiku ule Lwidiko hakulala, na Edina naye hakulala kwa sababu kitanda cha Lwidiko kinalia.

Jumamosi kumekucha wakaanza, Lwidiko na Edina. Sokoni wakauliza, mwenye duka la chumvi anasema mmoja alikwenda Songea, mwingine hajulikani. Mama muuza pombe ya ulanzi akawaambia wa mwisho, anaitwa Nikodemo, alisikia yuko Ilembula. "Ila nasikia mkono wake mbaya," akaongeza. Yaani kuna watu hawawezi kukupa habari bila kuitia pilipili.

Wakapata lifti kwenye lori la mbao, juu kabisa, baridi inawatafuna masikio. Ilembula wakaulizia, wakaonyeshwa kibanda cha mabati mbele kidogo ya kisima. Wakapiga hodi.

"Kamwene!" sauti ikaitika ndani kwa salamu ya huko, na akatoka kijana mnene, mchangamfu, mkono wa kushoto akiwaamkia. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa wote, kuanzia kwenye kiwiko mpaka mwisho. Kama donge.

Edina akamtazama kaka yake, kaka yake anatazama donge.

"Wewe ndiye Nikodemo uliyekuwa kwa Mzee Sanga?" Lwidiko akauliza.

"Ndiye. Mna msumeno?"

"Hatuna msumeno. Mkono umefanya nini?"

"Ah, huu? Nimeungua. Mke wangu alikuwa anachoma maandazi, nikajifanya najua kugeuza." Akacheka peke yake.

Maandazi! Edina anasema hakuamini hata kidogo. Mtu aliyekatika vidole kwa aibu yake angesema nini kingine? Lakini Lwidiko akamweleza yote, shati, mama, lori la Jumatatu, na Nikodemo akaacha kucheka. Akaingia ndani, akamuaga mke wake, akatoka na mfuko mdogo wa turubai.

"Twendeni kwa huyo mama," akasema.

Njia nzima ya kurudi Edina macho hayatoki kwenye kile kitambaa. Lori likiruka kwenye shimo, anatazama kama donge linapinda au halipindi, anahesabu vinundu. Anapata vinne. Anarudia, anapata vitatu. Nikodemo akamwona. "Dada, unanihesabu?" Edina akageuka kuangalia misonobari.

Walifika jua linaelekea kuzama. Mama amesimama mlangoni, baba amekaa kwenye kigoda. Mama hata karibu hakusema. Macho kwenye kitambaa.

"Nilijua," akasema taratibu. Akamgeukia Lwidiko. "Kapange nguo zako, mwanangu."

"Mama, subiri..."

"Nisubiri nini? Si mkono umefungwa huo? Mtu anafunga palipokatika."

"Shikamoo, mama," Nikodemo akasema. "Nifungulie mwenyewe."

Akaunyosha ule mkono. Mama akasita, halafu akaanza kufungua. Zungusha, zungusha. Kitambaa kirefu hakiishi. Baba akainuka kwenye kigoda bila kujijua. Kikaanguka chini, na mkono ukabaki pale mbele yao, mwekundu mgongoni, umepakwa mafuta ya kuungua, unanuka.

Vidole vitano.

Mama akavishika kimoja kimoja akihesabu kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Akadai na wa kushoto. Akahesabu tena. Lwidiko akaegemea ukuta.

Lakini mama hakuishia kwenye kuhesabu, na hapa ndipo Bibi alipotunyooshea kidole sisi tusikilize vizuri. Mama akageuza kiganja, akapitisha gumba lake pale kati ya gumba na kidole cha shahada. "Hapa kuna sugu. Sugu ya nini hii? Jembe haliweki sugu hapa."

"Tupa, mama. Ndiyo tunayonolea." Akafungua ule mfuko wa turubai, akatoa tupa tatu, mipini imeng'aa kwa jasho. "Hizi zangu. Mzee Sanga alinipa siku naondoka."

"Kwa hiyo hukufagia tu. Alikufundisha."

"Miezi tisa. Siku ya kwanza tupa, sio ufagio."

"Sasa ukamkimbia kwa nini?"

"Kumkimbia? Alinifukuza!" Akacheka tena lile cheko lake. "Ukishajua kunoa, anakwambia: toka, misumeno ni mingi kuliko sisi, kaa kwenye kijiji kisicho na fundi. Aliyenitangulia yuko Songea, ana banda lake. Wa kabla yake yuko Mafinga. Ndiyo maana ya ile rangi, mama. Alichoka kuandika upya. Alisema, maadamu nafundisha, nafasi haitaisha."

Baba alikuwa bado amesimama. "Na msumeno?" akauliza. "Unashinda na misumeno kutwa, haikuli?"

"Baba, msumeno ukija kwa fundi umefunguliwa, umelala. Unaubana kwenye jiliwa, unatulia kama mgonjwa kitandani. Utakukwaruza, haukuli. Unaokula mtu ni ule unaozunguka, na mbaya zaidi ukiwa butu. Mkali unapita. Butu unakwama kwenye gogo, gogo linaruka, mkono unavutwa."

Baba akautazama mkono wake, lile gumba na kile kidole cha mwisho.

"Siku ile ulikuwa butu," akasema. "Nilimwambia msimamizi tangu asubuhi, huu msumeno unahitaji kunolewa. Akasema tumalize gogo hili kwanza."

Bibi anasema ndiyo mara ya kwanza wao watoto kumsikia baba yao akiitaja siku ile. Miaka sita. Mama akaketi pale pale kizingitini, kitambaa cha Nikodemo mapajani, akaanza kucheka huku analia, hujui ushike lipi. Akajipangusa kwa kile kitambaa chenye mafuta, uso wote uking'aa, na hapo kila mtu akacheka, hata baba.

"Nenda, Lwidiko," baba akasema. "Kanoe. Kanoe misumeno ya mji huu wote, usiache hata mmoja."

Na mama, bado amekaa chini, akasema kama anayejisemea: "Si niliwaambia? Kazi haisomwi kibaoni, husomwa mikononi." Nikodemo akaubeba huo msemo kwenda nao Ilembula, na watu wa lori wakausambaza, mpaka leo unausikia hata kwa asiyemjua Sanga.

Jumatatu lori la mjomba likapiga honi nje, mama akatoka akalipungia liende zake. Ndani Lwidiko alikuwa anamfunga baba vifungo. Jioni akarudi kutoka kwa Mzee Sanga, mama kamsimamia mlangoni: leta mikono. Akahesabu kumi. Jumanne, kumi. Akahesabu hivyo wiki nzima, wiki ya pili akasahau. Kusahau kwenyewe, Bibi anasema, ndiko kulikokuwa kuzuri.

Mwaka uliofuata Lwidiko naye alifukuzwa, kwa heri na tupa tatu. Ila yeye hakwenda kijijini, akafungua banda mtaa wa tatu kutoka nyumbani, ili asubuhi apitie kwenye shati la baba kwanza. Ndiye huyo huyo Babu Lwidiko tunayemjua sisi, anayekusalimia kwa kukuminya mkono mpaka unapiga magoti.

Bibi akauvuta ungo wake. "Haya. Tumeni basi hilo ombi lenu."

Ombeni alikuwa ameshaweka simu mfukoni. Akajikuna shingo. "Bibi, kumbe nakumbuka. Dada Sikudhani wa pale kanisani alifanya kazi kwenye hoteli ile. Aliacha mwezi wa tatu."

"Aliacha au aliachishwa? Alitoka na nini?"

"Sijui."

"Na mwisho wa maombi lini?"

"Kesho saa kumi."

"Basi muda mnao tele, mnahangaika nini? Nendeni mkamwamkie. Msimuulize kitu kwanza. Mpeni mkono."

Tukainuka. Sijui kwa nini, lakini mwili wangu ulikuwa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia, na hata hatukuwa tumejibiwa lolote bado. Kwa mara ya kwanza tangu tumalize shule kulikuwa na mahali pa kwenda kuuliza. Nje ya uzio Ombeni akaitoa simu, akaliangalia tangazo tena, zile herufi kubwa na yale maua ya pembeni, akaizima.

"Linasomeka vizuri lakini," akasema.

"Kibaoni," nikamwambia.

Kazi haisomwi kibaoni, husomwa mikononi.