Kofia Niliyoivua Dodoma

Mimi Mlewa, tajiri wa mizabibu, nilikuwa na kofia ya pama niliyojivunia kuliko akili zangu. Asubuhi moja jirani yangu Nyemo akaniambia, "Mzee, leo naifaidi Dodoma yote bila kutoa hata senti."

Nikacheka. "Ukiweza, nitakuvulia kofia mbele ya watu."

Alasiri, jua likiwaka, nilimkuta sokoni akichokonoa meno.

"Zabibu ulinunua?"

"Nilionja tu. Kila muuzaji alisema, 'Onja, dada.'"

"Na chakula?"

"Nilipita penye watu wanaokula. Wakasema karibu, nikakaribia."

"Ala! Watu hujibu ahsante, wakapita zao!"

"Wenye haraka, Mzee. Mimi nilinawa."

"Haya, umeniweza," nikasema, nikageuka niende zangu.

"Mzee, kofia."

"Mwanangu, kuvua kofia ni msemo tu!"

Akajipapasa tumbo. "Hata karibu ni msemo tu, na nimeshiba."

Soko zima likaangua kicheko. Nikavua. Nyemo akaipokea, akaivaa, ikamkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima kipara changu kililifaidi jua la Dodoma, bure kabisa.